Kinanda Hakichoki, Mwimbaji Anachoka

Mkesha wa Pasaka wa mwaka 1998 niliipandisha kwaya yangu mahali ambapo koo la binadamu halifiki. Wakatoliki wanajua: baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kinanda hunyamaza, labda kiguswe kidogo tu kusindikiza sauti, mpaka Utukufu wa mkesha. Hapo kengele zote zinalia, vigelegele vinapasuka, na mpiga kinanda anaingia na nguvu zote alizozibana siku hizo. Nami niliingia. Nota yangu ilikuwa ufunguo wa G, vidole vyangu vilikuwa kwenye G, ila kilichotoka kwenye spika kilikuwa B. Jioni ile kijana mmoja alikuwa amekijaribu kinanda, akapandisha kile kitufe tunachokiita transpozi, kinachohamisha sauti zote juu au chini, kwa nusu toni nne, akakiacha kimewashwa vilevile, akaenda zake kula.

Waimbaji wa sauti ya kwanza walipofika kwenye do ya juu nilisikia mlio ambao sijausikia tena kanisani. Wanaume wa sauti ya tatu walinyoosha shingo kama majogoo. Nikaanza kupapasa vitufe, nikabonyeza kimoja kwa haraka, ikaja ngoma ya cha-cha-cha. Basi nikafanya jambo moja lililobaki: nikanyanyua mikono. Kwaya haikusimama. Kayamba ziliendelea, kengele ziliendelea, na katika mistari miwili hivi watu wale waliteremka wenyewe polepole, bila kuelekezana, mpaka wakapata mahali pao. Walimaliza Utukufu bila mimi.

Baada ya misa nilimkuta katekista wetu mzee mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo umepiga vizuri. Hasa pale ulipoacha."

Hakuwa mtu wa utani. Niliondoka na maneno yale yakiniuma, na ilinichukua muda kukubali kwamba alikuwa amerudia, kwa namna yake, somo la kwanza kabisa nililowahi kufundishwa.

Somo lenyewe nilipewa nikiwa na miaka 11, kijijini kwetu mkoani Ruvuma, kwenye kinanda cha kukanyaga kilicholetwa na wamisionari. Wengine hukiita harmoniamu. Hakitumii umeme. Miguu miwili inakanyaga kwa zamu, mivukuto inajaa upepo, upepo unapita kwenye vilimi vyembamba vya shaba, na vilimi vinalia. Ukikanyaga kwa pupa sauti inayumba. Ukisahau kukanyaga inazimika kama mgonjwa anayekata roho. Aliyenifundisha alikuwa Sista mmoja, Mngoni kama mimi, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima sana. Kwa miezi miwili hakunifundisha kitu zaidi ya kukanyaga. Nilipoanza kupiga wimbo mzima, nilipiga moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikijivuna kwamba sikukosea hata nota moja. Sista akasimama nyuma yangu. Akaniwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega, akaniambia nipige tena huku nikiimba maneno. Kila palipokuwa na mkato kwenye maneno, aliusukuma mgongo wangu kidogo.

"Hapa watu wanavuta pumzi. Wewe unawakimbiza wapi? Kinanda hakichoki, mwimbaji anachoka."

Mpaka leo nikipiga nasikia kile kiganja.

Kinanda cha mabomba nilikiona mara ya kwanza mwaka 1985, kwaya yetu ilipoalikwa kwenye jubilei katika abasia moja ya kusini. Nilidhani ni kabati. Mtawa mmoja mzee aliona ninavyozungukazunguka, akaniita nikae. Nilikuwa nimevaa raba zenye tope. Akaniambia kwa ishara nizivue, nikakaa na soksi zangu zilizotoboka. Akavuta stopu moja, yaani kirungu cha kufungulia safu ya mabomba, iliyoandikwa 16, akaniambia nikanyage kile kibao cha mwisho kushoto. Kwanza sikusikia kitu masikioni. Nilisikia kwenye benchi nililokalia, halafu kwenye meno. Bomba refu kuliko yote katika safu ya namna hiyo lina futi 16, karibu mita tano, na upepo ukiingia humo sauti inakuja chini kwa oktava nzima kuliko nota iliyoandikwa. Ukiwa na safu ya futi 8 unapata nota ilivyo. Futi 4, oktava moja juu. Kuzichanganya hizo ndiyo rangi zenyewe za mpiga kinanda, kama mama anayejua kiasi cha iliki bila kupima.

Lakini kilichonikaa kichwani siku ile si ukubwa wa sauti. Niliuacha mguu palepale. Sauti haikupungua. Piano ukiibonyeza, mlio unaanza kufa papo hapo. Gitaa hivyo hivyo, hata ngoma. Hiki kilikuwa tayari kuendelea hadi jioni. Nikabonyeza kwa nguvu juu, nikabonyeza taratibu: sauti ileile. Nikamtazama yule mtawa kama mtu aliyeibiwa. Ina maana vidole vyangu havina kazi? Akacheka, akaniwekea mkono wake juu ya wangu na kuuinua.

Kazi iko hapo, kwenye kuinua. Ukitaka nota isikike nzito kwenye kinanda cha mabomba huwezi kuipiga kwa nguvu. Unachofanya ni kuikata mapema kidogo ile iliyoitangulia, ukaacha upenyo mdogo wa kimya, na sikio la msikilizaji linajaza uzito wenyewe. Nimekuwa mwalimu wa muziki zaidi ya miaka 30 na bado sijapata mwanafunzi anayeniamini nikimwambia hivyo siku ya kwanza.

Ualimu nilisomea Butimba, Mwanza, halafu nikapangiwa Morogoro, shule ya msingi. Muziki ulikuwa kitu cha pembeni. Nilifundisha Kiswahili na hesabu asubuhi, kwaya ya shule mchana, kwaya ya parokia jioni. Kinanda cha parokia kilikuwa cha umeme, vibonyezo 61, bila pedali za miguu. Nikawa na tatizo ambalo majirani hawakuweza kulielewa: nilitaka kujifunza kupiga kwa miguu na hapakuwa na kitu cha kupiga. Nikachora pedali sakafuni kwa chaki. Chaki ilifutika kila nilipotelezesha kisigino. Mwishowe nikaenda kwa fundi seremala na mchoro: vibao virefu 30 vilivyolala sambamba, vingine vimeinuliwa kidogo kwa makundi ya viwili na vitatu, kama vile vyeusi vya juu.

Akaugeuza mchoro mara mbili. "Dada, hiki ni kitanda au ngazi?"

"Ni kinanda cha miguu."

"Kinalia?"

"Hakilii."

Alinitazama kwa huruma, akanitajia bei, akanipunguzia bila kuombwa. Alikitengeneza kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya milango. Kwa miaka minne nilifanya mazoezi usiku, mikono kwenye meza, miguu kwenye vibao, ncha ya kiatu, kisigino, ncha, kisigino, na muziki wote ukiwa kichwani mwangu. Mwanangu wa kwanza alilala na ile tak-tak-tak mpaka siku nikisafiri analia. Ukitaka kujua kama kweli unaufahamu wimbo, upige kwenye meza. Hakuna sauti nzuri ya kukufichia.

Nilipofika miaka 34 nikaamua kufanya mitihani ya muziki ya ile bodi ya Uingereza, ABRSM, ambayo ipo tangu 1889. Ngazi zake ni nane, na huruhusiwi kukaa mtihani wa kupiga wa ngazi ya sita mpaka uwe umefaulu nadharia ya ngazi ya tano au mtihani unaolingana nayo. Basi nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya nadharia. Chumba kilijaa watoto wa miaka 12 na 13, wenye penseli zilizochongwa vizuri na vifutio vyenye harufu ya pipi. Mmoja aliniamkia, akaniuliza kama mimi ndiye msimamizi. Nikamwambia hapana, na mimi nimekuja kufanya. Akafikiri, akanikopesha kifutio. Nilikihitaji. Mimi nilikuzwa na solfa: do re mi zilizoandikwa kwa herufi, d, r, m, f, s, na nukta mbili zinazogawa mapigo. Nota za mistari nilizisoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama, neno kwa neno. Nilifaulu, si kwa alama za kutangaza.

Ila sikubali mtu aidharau solfa mbele yangu. Wanafunzi wangu wa siku hizi, wakishajua nota za mistari, huanza kuiita ya washamba. Huwa nawaambia wasimame waimbe wimbo wa taifa. Wakimaliza nawauliza nani alitunga ile sauti. Ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, mwaka 1897, na aliiandika kwa solfa, kwa ajili ya watoto aliokuwa akiwafundisha. Hapo huwa wanakaa bila kusema kitu.

Utunzi ndio ulioninyoosha zaidi, kwa sababu kupiga unaweza kuficha kosa, kutunga huwezi. Misa yangu ya kwanza niliitunga kwa kuiga nyimbo za Kijerumani nilizokulia. Katika wimbo wa matoleo palikuwa na neno "furaha", nami nikaweka pigo zito na nota ndefu kwenye "fu". Yule yule katekista mzee alikuja mazoezini, akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Mwalimu, hii fúraha ni ya kabila gani?"

Kwaya nzima ikacheka. Niliporudi nyumbani nikaimba peke yangu, nikaona aibu upya. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hakina mchezo. Barabara ya kupita magari unaitamka barabára. Ukisema barábara, moja ya maneno machache yanayoikiuka kanuni hiyo, umesema jambo limefanyika sawasawa. Mtunzi akikosea pigo, amebadili maana au ametengeneza neno ambalo halipo. Tena mkazo unahama: móyo, lakini moyóni, ímba, lakini imbéni. Ubeti wa kwanza ukikaa vizuri juu ya sauti, wa pili unaweza kukwama kama kiatu cha mtu mwingine. Ndiyo maana sasa naandika beti zote kabla ya kutafuta sauti hata moja.

Baadaye nikagundua kwa nini nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya zinatuacha tukichechemea mwishoni mwa mstari. Kijerumani na Kiingereza vina maneno mengi yanayoishia kwa silabi nzito, kwa hiyo sauti zao mara nyingi hutua kwa kishindo kwenye nota ya mwisho. Maneno yetu hutua kwa wepesi. Kishindo kiko kabla ya mwisho. Ukilichukua neno la Kiswahili ukalilaza juu ya sauti ile, silabi ya mwisho inapigwa rungu ambalo si lake. Sisemi tuache nyimbo hizo, nazipenda mno. Ila anayetunga leo kwa Kiswahili hana sababu ya kurudia ulemavu huo kwa hiari.

Na kuna ile "m". Katika "mtu", silabi ya kwanza ni "m" peke yake, na ndiyo yenye mkazo. Utaimbaje mkazo ukiwa umefunga mdomo? Nilihangaika na neno hilo wiki mbili. Nilichofanya ni kuipa "m" nota yake kamili, chini, kinanda kikinyamaza, kwaya yote ikavuma kama nyuki kwa pigo moja kabla ya kufungua "tu". Mpaka sasa ndiyo sehemu ya kazi zangu ninayoiona nzuri kuliko nyingine, na hakuna aliyewahi kuniambia ameiona.

Waliyoyaona ni mengine. Katika parokia moja niliyohamia, niliitwa mbele ya kamati. Kosa langu: nilikuwa natia vikorombwezo kati ya mstari na mstari, na kubadili sauti za chini ubeti wa mwisho, waumini wanapotea. Nilikasirika, nikarudi nyumbani kusoma kuhusu Bach, yule mtunzi na mpiga kinanda Mjerumani, ili nijifariji. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20, Bach aliomba likizo ya wiki nne Arnstadt, mji alikokuwa mpiga kinanda wa kanisa, akatembea kwa miguu takriban kilomita 400, pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kwenda Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mzee Buxtehude. Akakaa karibu miezi minne. Aliporudi wakubwa wa kanisa wakamhoji kwa utoro, na humo humo wakamlaumu kwamba anatia nota za ajabu ndani ya nyimbo, waumini wanachanganyikiwa. Nilifurahi sana kusoma hivyo. Nikajiona mimi na Bach tuko kesi moja.

Dominika iliyofuata, kwa ukaidi tu, nikaongeza vikorombwezo. Halafu nikakumbuka kutazama watu badala ya mikono yangu. Mama mmoja benchi la tatu alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanza mstari, mimi bado napamba. Akaishikilia, akaishikilia, akaiachia bila kuimba. Akafunga kitabu. Kamati ilikuwa na haki, ingawa walivyonisema havikuwa vya kiungwana. Bach alikuwa Bach, na hata kwake sijui mama wa benchi la tatu la Arnstadt alisema nini.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa ngoma na kinanda, na huu sikuwahi kuuelewa. Wako waliotaka ngoma zitoke kanisani kwa kuwa kinanda ndicho chombo kitakatifu, na wako waliotaka kinanda kitoke kwa kuwa ni cha wazungu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, ya mwaka 1963, inasema katika namba 119 kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake. Namba 120, inayofuata palepale, inasema kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana. Ni majirani wa ukuta mmoja. Mimi nimetunga Utukufu wenye mwendo wa lizombe, ngoma ya kwetu Wangoni, mguu mmoja unahesabu tatu na mwingine mbili, na kinanda kazi yake humo ni kushikilia nota moja ndefu chini, kama ardhi ambayo wachezaji wanaikanyaga. Chombo kisichochoka, kikae pale pa kutochoka.

Fedha? Nimelipwa kuku, kanga, nauli, na "Mungu atakulipa". Ndoa za Jumamosi ndizo zilizosomesha wanangu, pamoja na mshahara wa ualimu. Wimbo wangu mmoja umezunguka nchi nzima kwa fotokopi wenye jina la mtu mwingine. Niliukuta kwenye stoo ya kwaya ya mbali, nikaambiwa nijifunze kuuimba vizuri kwa sababu mtunzi wake ni mkali wa makosa. Siku hizi nawaambia vijana waandike jina na tarehe kwenye kila ukurasa, si wa kwanza peke yake, na wafike COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kufika studio.

Vijana wenyewe wanakuja Jumamosi. Nilistaafu kwa hiari nilipofika miaka 55, sebule ikawa darasa. Wanakuja wakitaka kujua mapambio na ile midundo inayojipiga yenyewe. Kwa mwezi wa kwanza nazima midundo. Wengine hawarudi. Mmoja aliyerudi sasa anapiga hotelini Dar es Salaam, usiku mmoja anapata kuliko mimi Pasaka kumi, na alinipigia simu kunishukuru kwa kitu nilichosahau kabisa kwamba nilimfundisha: kwamba mwimbaji akifungua mdomo, asiangalie vibonyezo, aangalie mabega yake.

Mwaka juzi parokia moja ya kijijini ilikuwa inatupa kinanda cha kukanyaga. Nikakichukua kwa gharama ya kukodi pikapu. Panya walikuwa wamekula ngozi ya mivukuto, mende walikuwa na ukoo mzima ndani. Fundi viatu wa mtaani kwetu ameiziba mivukuto kwa ngozi ya mbuzi, na kinapumua. Kwa watoto hakuna mwanzo bora, kwa sababu mtoto anayetoa upepo kwa miguu yake mwenyewe haulizi kwa nini mwimbaji anachoka. Kilimi kimoja tu kimevunjika, cha nota ya la ya katikati, kwa hiyo wimbo ukifika hapo kinanda kinaruka na watoto wanaimba ile la wenyewe, kwa nguvu, halafu wanacheka. Fundi viatu anasema anamfahamu mtu wa shaba, atakileta wiki ijayo. Amesema hivyo tangu Agosti.